Sura ya Saba: Ukuta wa Mtu wa Anga

Kumchagulia rubani picha ya ukutani ni mtihani. Sisi wengine tukiona ndege imechorwa vizuri tunaridhika. Yeye ataangalia magurudumu, ataangalia taa za mabawa, atasoma herufi za usajili, atatafuta upepo unavuma kutoka wapi, ndipo aseme ahsante. Na ahsante yenyewe inaweza kuwa ya adabu tu. Picha itakaa sebuleni mpaka aliyeileta aage, kesho yake itahamia koridoni, na mwisho wa mwaka itakuwa juu ya kabati imefunikwa gazeti.

Sura hii ni ya anayetaka kuikwepa aibu hiyo: mzazi, mwenza, rafiki, au rubani mwenyewe anayejenga kwao. Mfano wangu ni Lushoto na milima ya Usambara, na si kwa mapenzi tu. Lushoto haina safari za ndege za ratiba. Rubani wa kule hupanda kwao kwa gari kutoka Mombo kama watu wengine, akiwa likizo. Nyumba za kule zina baridi na unyevu unaoharibu picha. Na hata hivyo ni wilaya ambayo mtu akisimama ukingoni anaiona nchi jinsi rubani anavyoiona. Anayeweza kupamba ukuta wa Lushoto ataweza kupamba wa Moshi, wa Limuru na wa Mbeya.

Anga kwanza, ndege baadaye

Kosa la wanunuzi wengi ni kuanza na ndege. Wanakwenda dukani, wanaona jeti kubwa inapaa jua likizama, wanalipa. Jeti ile inaweza kuwa popote duniani. Rubani ameshaona jeti za kutosha. Anazikagua kila siku kabla ya kuruka. Anachokosa akiwa nyumbani ni anga anayoifahamu.

Nenda Irente, karibu na mji wa Lushoto, usimame juu ya jabali. Chini yako, kama mita 1,000, ni Mazinde: mashamba ya mkonge yaliyopangwa kwa mistari, barabara kuu inayotoka Korogwe kwenda Same, na reli ya Tanga ikienda nayo sambamba. Ndege ikifuata bonde la Pangani kutoka pwani kwenda Kilimanjaro, rubani anauona ukuta huo wa mlima kuliani kwake. Akirudi pwani, uko kushoto. Juu ni kijani cha mashamba na misitu, chini ni kahawia ya nyika. Msimu wa kusi mawingu yanapanda kutoka baharini na kukaa vileleni, huku upande wa Mkomazi ukibaki mkavu.

Hicho ndicho kipimo cha kwanza. Picha ya upande huu wa Usambara kutoka angani iliyo ya kijani juu mpaka chini huenda haikupigwa hapa, au rangi zake zimekorogwa kwenye kompyuta. Iliyo ya kweli ina mpaka mkali kati ya mlima na tambarare, na mtu anayeruka njia hiyo ataweka kidole mahali na kusema, hapa ni Mombo, hapa ni Soni, hapa ndipo tunapoanza kurushwarushwa na upepo. Picha inayomfanya aanze kueleza ni picha iliyofika.

Ukitaka kuupiga mlima picha mpya kwa droni, kumbuka kwamba usajili wake unasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na kuirusha kunahitaji kibali. Zawadi ya mtu wa anga isianze kwa kuvunja sheria ya anga.

Kabla ya kulipa, isome

Ukishapata anga, ndipo uchague ndege. Hapa isome picha kama atakavyoisoma yeye.

Anza na taa. Bawa la kushoto la ndege, kushoto kwa aliyekaa kwenye usukani, lina taa nyekundu. La kulia lina ya kijani. Ndege ikikujia uso kwa uso, nyekundu iko upande wako wa kulia. Wachapishaji wa mabango hupenda kuigeuza picha kama kwenye kioo ili ndege itazame upande wanaoutaka, na taa zinawasaliti. Herufi nazo husaliti: kama usajili umefutwa ubavuni, uliza kwa nini.

Usajili ni jina la ndege. Ndege za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Y, za Uganda 5X. Enzi ya Tanganyika zilianza na VR-T. Kwa hiyo mchoro wa ndege ya mwaka 1950 ikiwa Tanga na 5H ubavuni umechorwa na mtu asiyeuliza.

Kisha mapanga. Kamera ikipiga kwa kasi mno, mapanga ya ndege ya panga boi yanaonekana yamesimama, na ndege inaonekana imezima injini hewani. Mpiga picha anayejua kazi huiacha kamera wazi kwa muda mrefu kidogo, kama 1/125 ya sekunde au zaidi ya hapo, ili mapanga yatoke kama duara la ukungu. Wengi hawaoni tofauti. Rubani akiona mapanga yaliyoganda, moyo unamruka.

Baadaye magurudumu. Dash 8 Q400 ya Air Tanzania na ATR ya Precision Air zinafanana kwa mbali: zote bawa juu, zote mkia wa herufi T, zote mapanga sita kila injini. Lakini magurudumu makuu ya Q400 ni marefu na yanashuka kutoka chini ya injini. Ya ATR ni mafupi na yanatoka tumboni. Mchoraji aliyeipa ATR miguu ya Q400 amezaa mnyama asiyekuwepo. Kwa jeti, tazama Boeing 787 Dreamliner: ukingo wa nyuma wa injini zake una meno kama msumeno, na mabawa yake yanapinda kwenda juu ikiwa hewani. Cessna Caravan, ile inayotua viwanja vidogo vya nchi nzima, ina injini moja puani, bawa juu lililoshikiliwa na nguzo, na magurudumu yasiyokunjwa.

Mwisho, upepo. Ndege hupaa na kutua kwa kuukabili. Kama kuna bendera, moshi au mfuko wa upepo pembeni ya uwanja, uwe unapeperukia nyuma ya ndege. Ukipeperukia mbele, huenda picha imeunganishwa.

Historia iliyopita juu ya mapaa yetu

Anayependa picha za zamani ana hazina kubwa Usambara na jirani zake.

Kitu cha kwanza kushuka milima hii kwa njia ya hewa hakikuwa ndege. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kampuni ya mbao ya Wilkins na Wiese ilijengewa na kampuni ya Bleichert ya Leipzig njia ya kebo kutoka Shume, wakati huo ikiitwa Neu-Hornow, mpaka kituo cha reli cha Mkumbara. Ilikuwa na urefu wa karibu kilomita 9 na ikishuka kama mita 1,500, ikipitisha magogo ya mtarakwa juu ya mabonde. Picha za nguzo zake zimo katika hifadhi za picha za Ujerumani, na kwa mtu wa milimani zina maana kuliko jeti yoyote: ni babu zake chini, na mzigo unaelea juu yao.

Ndege zenyewe zilikuja na vita. Mwaka 1916 Kikosi cha 26 cha jeshi la anga la Uingereza, chenye marubani wengi kutoka Afrika Kusini, kilikuwa Mbuyuni upande wa Taita na ndege za BE2c, kikiyapelelezea majeshi ya Uingereza ya Jenerali Smuts yaliyokuwa yakishuka bonde la Pangani. Juni mwaka huo Lushoto, iliyoitwa Wilhelmstal, iliondoka mikononi mwa Wajerumani. Picha ya BE2c ni nzuri kwa mpenda historia, lakini itundikwe na maelezo mafupi chini yake, maana bila hayo ni vitambaa na waya tu.

Halafu kuna Walter Mittelholzer. Huyu Mswisi alikuwa rubani na mpiga picha kwa pamoja. Mwaka 1926 na 1927 alivuka Afrika kutoka Zurich mpaka Cape Town kwa ndege ya majini aina ya Dornier Merkur, na Januari 1930, akiwa na Fokker ya injini tatu, akawa wa kwanza kuruka juu ya Kilimanjaro. Alifariki 1937. Picha zake zinatunzwa na maktaba ya chuo cha ETH mjini Zurich, na maktaba hiyo imeziweka wazi mtandaoni watu wapakue bure. Kwa anayetafuta zawadi bora kwa fedha kidogo, sijui pa kumpeleka pazuri zaidi: shimo la kilele cha Kibo kutoka juu, nyeusi na nyeupe, limepigwa na mkono wa rubani.

Kwa wazee, jina moja tu: East African Airways. Shirika hilo la nchi tatu lilianza 1946 likafa 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tangu 1960 liliruka na Comet 4, na baadaye kila nchi ikawa na Comet yenye usajili wake: 5H-AAF ya Tanzania, 5Y-AAA ya Kenya, 5X-AAO ya Uganda. Picha tatu za ukubwa mmoja, zimepangwa mstari, zinatosha kuieleza Jumuiya ya zamani bila hotuba. Miaka ya mwisho ya 1960 zikaja Super VC10, zenye injini nne mkiani. Hapa tahadhari. 5H-MMT ni VC10 unayoweza kuitundika kwa raha. 5X-UVA iliteketea Addis Ababa Aprili 1972 na watu 43 wakafa. Muuzaji wa mabango hajui tofauti. Mwenye nyumba huenda anaijua, na huenda alikuwa na mwenzake ndani. Kabla ya kuchapisha picha ya ndege yoyote, tafuta usajili wake uone ulikoishia.

Air Tanzania ilizaliwa mwaka huohuo wa 1977, na twiga mkiani. Mwenye umri wa miaka hamsini na kitu atamkumbuka twiga huyo kwenye Boeing 737 za zamani. Kijana atamjua kwenye Dreamliner ya kwanza, 5H-TCG, iliyotua Dar es Salaam Julai 2018. Twiga ni yuleyule, kumbukumbu ni mbili. Uliza umri kabla ya kuchagua.

Ndege yenye picha nyingi kuliko zote nchini pengine ni ile Dornier Do 27 iliyopakwa milia ya pundamilia, ambayo Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliitumia kuhesabu wanyama Serengeti. Inapendeza macho, watoto wanaishangilia, na filamu yao ilipata Oscar. Lakini Michael alifia ndani yake tarehe 10 Januari 1959, baada ya kugongana na tai. Mhifadhi ataitundika kwa heshima. Rubani anayeruka chini chini mbugani na ndege wa porini, mwulize kwanza.

Ramani

Watu wa anga wana aina moja ya picha ambayo wengine huisahau: ramani.

Karatasi za urambazaji za kipimo cha 1:1,000,000 huonyesha mwinuko kwa rangi, kijani bondeni ikigeuka njano na kahawia kadiri nchi inavyopanda. Usambara juu ya karatasi hiyo ni kidonda cha kahawia kati ya nyika na bahari, na bonde la Lwengera likiikata Usambara Mashariki kutoka Magharibi. Marubani hubaki na ramani zilizopitwa na wakati ambazo hawaruhusiwi tena kuzitegemea. Nyingi huishia kutupwa. Omba moja. Haina thamani angani, ukutani ni dhahabu.

Anayetaka kuiona kwao kwa karibu atafute karatasi za 1:50,000, mfululizo wa Y742, kwenye Idara ya Upimaji na Ramani ya Wizara ya Ardhi. Zilichorwa kutokana na picha zilizopigwa kutoka angani, kwa hiyo nazo ni kazi ya marubani. Pale Irente na Mtae mistari ya mwinuko inabanana mpaka inakuwa kama doa moja la wino. Mtu wa milimani anaijua hofu ya doa hilo kwa miguu, rubani anaijua kwa macho.

Mchoro wa mkono

Kama unataka rangi, mchoraji wa Tingatinga atakufaa kuliko bango. Edward Saidi Tingatinga alianza Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia rangi za mafuta za kung'aa juu ya hadibodi, mara nyingi vipande vya karibu sentimita 60 kwa 60. Alikufa 1972, na waliomfuata bado wanachora Oyster Bay. Wamezoea kuchora mabasi, hospitali na masoko, ndege haiwashindi.

Usimwambie tu akuchoree ndege. Mpelekee picha za ndege hiyo kutoka pande mbili, usajili umeandikwa kwenye karatasi, na picha ya mlima. Halafu mwache. Tingatinga haina deni la vipimo: twiga anaweza kuwa mrefu kuliko mkia wa ndege, na rubani atacheka bila kulalamika, kwa sababu anajua mchezo unaochezwa. Masharti yangu ni mawili tu: herufi za usajili ziwe sahihi, na rangi ikauke kabisa kabla ya kuifunga. Rangi ya mafuta ikifungwa mbichi na kupandishwa Lushoto kwenye baridi, gazeti litabaki limeganda juu ya mawingu.

Pikseli na karatasi

Picha nyingi siku hizi zinatoka kwenye simu ya mtu. Hesabu ni rahisi. Kwa picha ya kuangaliwa kutoka upande wa pili wa sebule, nukta 150 kwa kila inchi zinatosha. Karatasi ya A2, sentimita 42 kwa 59.4, inahitaji basi pikseli karibu 2,480 kwa 3,508. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida mara nyingi hubaki na pikseli kama 1,600 upande mrefu. Ukiichapa kwa kipimo hicho utapata sentimita 27 tu. Ukiilazimisha iwe A2, herufi za usajili zitakuwa madoa. Mwambie aliyepiga aitume kama faili.

Kwa wino, uliza kama ni wa pigmenti. Wino wa kawaida wa bei nafuu hupauka upesi mwangani, na bluu ya anga ikipauka hakuna kilichobaki.

Ukuta wenyewe

Lushoto iko kwenye mwinuko wa mita kama 1,400, na Juni mpaka Agosti ukungu unaingia mpaka chumbani. Adui wa picha hapa ni unyevu. Usitundike ukuta wa nje unaopigwa na mvua, wala ukuta wa nyuma ya bafu. Chagua ukuta wa ndani, unaogawa vyumba.

Fremu ya msaiprasi au paini kutoka mashamba ya Shume ni rahisi kupata na mafundi wanaizoea, ila mbao iwe imekauka; mbichi itajipinda na kona zitaachia. Picha isigusane na kioo, iwekewe karatasi nene yenye dirisha katikati. Nyuma ya fremu, kona za chini, gundisha vipande vidogo vya mpira ili hewa ipite kati yake na ukuta.

"Mama, ukiacha nafasi hiyo vumbi litaingia," fundi atakwambia.

"Vumbi nitafuta, fundi. Ukungu siuwezi."

Jua nalo lina mahesabu. Lushoto iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri liko kaskazini. Picha inayotazamana na dirisha la magharibi itaungua kila jioni mwaka mzima. Katikati ya picha iwe kama sentimita 150 kutoka sakafuni, na ikiwa juu ya kochi isizidi theluthi mbili za upana wake. Ukuta wa matofali ya udongo haushiki msumari mwembamba. Toboa, weka plagi, kaza skrubu mbili badala ya moja, na fremu haitakaa upande.

Nani anapewa nini

Mpenzi wa ndege asiyeruka hufurahia ndege nzima, kubwa, yenye rangi. Fundi wa ndege anapenda injini iliyofunguliwa na mchoro wa sehemu zake. Mwongoza ndege apewe uwanja kutoka juu, na njia zake za kurukia. Mtoto mwenye ndoto apewe kitu anachoweza kukifikia: Cessna ya mafunzo badala ya jeti ya kivita. Rubani mwenyewe, mtafutie ndege aliyoruka nayo peke yake mara ya kwanza. Tarehe na usajili vimo kwenye daftari lake la safari. Mwenza wake atakusaidia kulichungulia.

Na kama fedha inatosha kitu kimoja tu, achana na ndege. Nunua ramani ya milima, iwekee fremu inayofunguka kwa nyuma, na usichore chochote juu yake. Njia atachora mwenyewe kwa penseli, kwa sababu anaijua kuliko wewe na kuliko muuzaji, na kila akipangiwa safari mpya atakuwa na sababu ya kuishusha picha ukutani. Kwa picha ya mtu wa anga, kushushwa namna hiyo ni sifa.